Baba Anatania Kifo Chake: Tucheke au Tumnyamazishe?

Swali

Shikamoo Mama Mshauri. Baba yangu ana miaka 71, ni Mngoni wa Songea, Mkatoliki. Amekuja kukaa kwangu Dar es Salaam tangu madaktari waseme saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa na haiwezi tena kuondolewa, kilichobaki ni kupunguza makali. Kinachotusumbua si ugonjwa peke yake, ni mdomo wake. Jirani yetu Mhehe, mtani wake, akija kumjulia hali, baba humwambia, "Umekuja kunipima? Mwambie fundi asinibanie mbao, magoti yangu nayataka yanyooke." Mjukuu alipomwuliza kama atapona, alijibiwa, "Siku mtakayokula pilau bila mimi, ujue nimeshapona." Juzi namwinua kwenda msalani akaniambia miguu yake imeshatangulia Songea, kiwiliwili ndicho kinachongoja tiketi. Mama analia. Kaka yangu, ambaye ameokoka, anasema baba anajitabiria mauti, na ametukataza kucheka. Mimi nikicheka naona nimekosa adabu, na nikinyamaza naona baba ananitazama kama ananisubiri. Ina maana hajaukubali ugonjwa? Tumzuie? Halafu, Mungu apishe mbali, siku ikifika watani watakuja na vituko vyao msibani. Wakwe zangu wanatoka Nyeri, Kenya, kwao msiba ni sala na utulivu. Naogopa aibu.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kuuguza.

Naanza na miguu, kwa sababu miguu haisubiri. Nilipousoma ujumbe wako nilikupigia siku hiyohiyo, na nashukuru mlimpeleka hospitali bila kungoja kupambazuke. Narudia hapa kwa ajili ya wengine wanaouguza. Saratani ya tezi dume ikiingia mifupani hupenda sana uti wa mgongo, na uvimbe ukikua pale unaweza kuibana mishipa ya fahamu inayopita ndani yake. Dalili zake ni miguu kulegea au kuwa mizito ghafla, ganzi, mkojo kugoma au kutoka bila mtu kujua, na maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala chali au akikohoa. Hiyo ni dharura kama ilivyo dharura kuvuja damu. Hospitali kwa kawaida huanza na dawa ya deksamethasoni ya kupunguza kuvimba kunakobana mishipa hiyo, kisha mionzi kwa saratani yenyewe. Anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea, lakini aliyefika akiwa ameshapooza mara nyingi hubaki hivyo.

Nimeanza na miguu kwa sababu ya pili pia. Ndani ya mzaha ule kulikuwa na dalili ya hatari, na nyumba nzima mkabishana kama mzaha wenyewe ni dhambi. Nawaelewa, wala siwalaumu. Ila jiulize, mzee wa Kingoni wa miaka 71 angeyasema vipi mengine kwa binti yake, wakati binti huyo anamshika kiunoni kumpeleka msalani? "Mwanangu, miguu haina nguvu" ni sentensi nzito kwa mwanamume aliyewahi kukubeba mabegani. Akaipitisha njia ambayo ingemwachia heshima yake. Sisi wauguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa asiyeweza kuponywa, hupata habari nyingi kwa wagonjwa wanaotania kuliko kwa wale wanaojibu kila asubuhi "sijambo, namshukuru Mungu." Muuguzi mzoefu hucheka kwanza, kisha anauliza, "Imetangulia lini, mzee? Jana au wiki iliyopita?"

Na sentensi ileile ilikuwa na jambo la pili. Tiketi ya kwenda wapi? Songea. Baba yako amekwambia anakotaka kuzikwa, na sidhani kama kuna mtu aliyemsikia.

Kwa hiyo, kuhusu kukubali ugonjwa: asiyekubali husema habari za mwakani. Atapanga kupanda mahindi, atanunua mabati, atahama daktari hadi daktari, na ukitaja neno saratani atakwambia ni vidonda vya tumbo. Baba yako anaongelea mbao za jeneza. Kwa maelezo yako, ndiye mtu pekee katika nyumba hiyo anayelitaja jambo lenyewe. Ninyi wengine mnasema "akipata nafuu."

Mzaha wa mgonjwa wa namna hii ni hodi. Anagonga aone kama kuna mtu ndani wa kuzungumza naye habari za kufa. Mnapomjibu "baba, usiseme hivyo", anasikia kwamba hakuna mwenyeji. Atagonga kwa mjukuu, atagonga kwa Mhehe, mwisho atachoka na kunyamaza, nanyi mtasema ametulia. Nimeona nyumba nyingi zilizotulia hivyo. Mgonjwa kageukia ukutani, kila anayeingia anamsifia kuwa anaendelea vizuri.

Ukitaka kumkaribisha, huhitaji maneno mengi. Akisema fundi asimbanie mbao, cheka kama limekuchekesha, halafu mwambie, "Fundi tutamwambia, baba. Na wewe ungependa tukulaze wapi, huku au nyumbani?" Kisha nyamaza. Usijaze ukimya huo kwa uji wala kwa kumrekebishia mto. Pengine atajibu kwa mzaha mwingine, pengine atabadilisha mazungumzo, na huko nako ni kujibu: leo inatosha. Lakini wengi wao hujibu. Utasikia habari ya kaburi la mama yake, ya deni la mtu fulani, ya shamba ambalo hati yake iko kwa mdogo wake. Kutoka Dar hadi Songea ni karibu kilomita 1,000. Familia isiyojua mapema mzee anataka nini hubishania jambo hilo mochwari, mbele ya watu.

Sasa tuje kwako, kwamba ukicheka unaona umekosa adabu. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui ingawa wanaliishi. Mwaka 1940 Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, mtaalamu wa mila na jamii, aliandika kuhusu utani na kuueleza kuwa ni uhusiano ambao mmoja anaruhusiwa, na mahali pengine analazimika, kumkejeli mwenzake, na mwenzake haruhusiwi kukasirika. Akaonyesha pia kwamba katika jamii nyingi mzazi na mtoto hukaa kwa heshima na kuogopana kidogo, ilhali babu na mjukuu hukaa kwa wepesi na mzaha. Bibi zetu walikuwa wanajua hayo bila kusoma. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na kumgombeza kwa kutoleta matumizi; babu humwambia binti wa miaka mitano kwamba mahari ameshatoa. Jaribu wewe kumwambia baba yako maneno kama hayo uone.

Kwa hiyo unasitasita kwa sababu umelelewa vizuri. Wewe si mtani wake. Hakuna anayekudai umrudishie mzaha wa jeneza, na ukijaribu utaukosea. Lakini kucheka si kutania. Baba akichekesha na binti akacheka, binti amempa mzazi haki yake. Mwenye mzaha huo ni yeye, kwa sababu kifo ni chake. Wewe ni msikilizaji, na msikilizaji aliyekaza uso humfanya mchekeshaji ajione mpweke sana. Hapo ndipo penye yale macho yanayokusubiri.

Wenye ruhusa ya kurudisha ni wengine, na unao wawili. Wa kwanza ni mjukuu. Usimfukuze chumbani. Watoto wa umri wa kuuliza "babu, utapona?" huuliza kwa sababu wameshaona, na jibu la pilau lilikuwa la ukweli kuliko "Mungu akipenda babu atapona" ambalo sote hulitoa haraka ili mtoto atoke. Baadaye kaa naye umwulize alielewa nini. Akiwa ameelewa kwamba babu atakufa na watu watakuja na kutakuwa na chakula, ameelewa sawasawa. Akiwa ameelewa kwamba pilau ndilo litakalomponya babu, basi mweleze kwa lugha iliyonyooka.

Wa pili ni huyo Mhehe. Usimwone kuwa mtu asiye na haya anayekuja kumchekea mgonjwa. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi, wakafika kusini mwa nchi hii katika miaka ya 1840, na mwishoni mwa miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880 walipigana na Wahehe vita vikali ambavyo hakuna upande uliofaulu kuumaliza mwingine. Wajukuu wa wapiganaji hao leo wanaitana watani, wanaibiana kuku na kutukanana mchana kweupe. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo nao una historia, ila wa kwao ulitokana zaidi na njia ya misafara: wapagazi kutoka Unyamwezi walipita Uzaramo kwenda Bagamoyo mwaka baada ya mwaka, na watu wanaokutana hivyo ama huuana ama hutafuta namna ya kuishi. R. E. Moreau, anayejulikana zaidi kwa kuchunguza ndege kule Amani, Usambara, alivutiwa na jambo hili hata akakusanya habari za utani wa makabila mbalimbali ya Tanganyika na kuzichapisha miaka ya 1940. (Sijui kwa nini mtu wa ndege aliliona kabla ya wengi wa wataalamu wa mila.) Naye James Christensen, aliyeandika mwaka 1963 kuhusu Waluguru, alionyesha upande ambao watu wa mjini husahau: mtani ana haki ya kukutukana kwa sababu pia ana wajibu kwako, na wajibu mkubwa uko msibani. Kuchimba kaburi, kupika, kupokea wageni, kufanya zile kazi ambazo wafiwa wameishiwa nguvu za kuzifanya.

Kwa hiyo baba yako anapomwuliza Mhehe kama amekuja kumpima, anamkumbusha kazi yake. Na Mhehe akijibu, "Nimepima, mbao mbili zinatosha, Wangoni mmeisha kwa kula panya," amemwambia, "Nitakuwepo." Mwombe huyo jirani aje mara nyingi zaidi. Kuna maswali ambayo yeye anaweza kumwuliza baba yako kwa kejeli na wewe huwezi kuyauliza hata kwa machozi.

Utauliza, sawa, lakini kicheko kinasaidia nini mbele ya jambo kubwa hivi? Hapa nataka nikukumbushe kisa cha Abunuwasi na sufuria, maana tunawasimulia watoto halafu tunasahau kimesema nini. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani. Alipoirudisha alitia ndani yake sufuria ndogo. Jirani akauliza, hii nini? Akaambiwa, sufuria yako imezaa. Jirani akafurahi, akachukua zote mbili, hakuhoji. Mara ya pili Abunuwasi akaazima tena, akakaa nayo kimya. Jirani akaja kudai. Akaambiwa, pole sana, sufuria yako imekufa. Akapiga kelele: sufuria hufaje? Abunuwasi akamwambia, uliposikia imezaa hukukataa; kinachozaa si hufa?

Watu hucheka wakidhani ni kisa cha utapeli tu. Mimi nimekaa na familia nyingi zilizo kama jirani yule. Tulipokea kuzaliwa bila kuuliza hati, kisha mauti yakija tunaita mjumbe. Baba yako, nadhani, ameshamaliza kesi hiyo. Hatanii kifo chake kwa kuona kwamba ni jambo dogo. Anaona ni kubwa, na hataki limkute amejikunyata.

Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna, aliandika makala fupi kuhusu mzaha mwaka 1927. Mfano wake ulikuwa wa mtu anayepelekwa kunyongwa siku ya Jumatatu, akasema, "Naam, wiki imeanza vizuri." Freud mwenyewe alikuwa amegunduliwa na saratani ya kinywa mwaka 1923, miaka minne kabla ya makala hiyo, akaishi nayo hadi 1939. Mtu yule wa Jumatatu hajadanganyika hata kidogo kuhusu mahali anapopelekwa. Anajua kuliko wote walio kwenye msafara. Amekataa tu kwamba wenye kamba waamue pia awe na uso gani. Mizaha ya wagonjwa wangu ninayoikumbuka ilikuwa ya aina hiyo. Haikujibu kwa nini tunakufa au nini kinafuata. Nami sijapata kuona hotuba iliyojibu hayo kando ya kitanda. Ilimwezesha mtu kukaa karibu na swali bila kukimbia, na kuwafanya wengine nao wathubutu kukaa.

Kaka yako msimbeze. Anaogopa kumpoteza baba, na hofu yake imevaa aya. Najua aya anayoishikilia, Mithali 18:21, "Mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi." Mchungaji wake ataieleza kuliko mimi, ila nitasema hili kama muuguzi: saratani ilifika mifupani kabla baba hajataja mbao. Na Biblia ileile inasema kuna wakati wa kulia na wakati wa kucheka, bila kusema kwamba nyakati hizo mbili haziruhusiwi kukutana katika chumba kimoja. Kuna pia habari ya Sara, bibi kizee aliyesikia kwamba atazaa akacheka moyoni, kisha akaogopa akakana. Akaambiwa, "Sivyo, umecheka." Hakupigwa kwa kucheka, na alipojifungua akasema, "Mungu amenifanyia kicheko." Kwa wasomaji wangu Waislamu wenye kaka wa namna hii, kipo kisa kinachojulikana sana misikitini cha ajuza aliyemwomba Mtume (S.A.W.) amwombee Pepo, naye akamwambia ajuza hawaingii Peponi. Bibi akaondoka analia. Mtume akaagiza aelezwe kwamba hataingia akiwa ajuza, kwa sababu atarudishiwa ujana. Hata mlango wa Akhera uliwahi kutaniwa, na aliyetania alikuwa na huruma.

Mpe kaka yako kazi anayoiweza. Asali na baba kila jioni, wasome pamoja zaburi. Na kwa kuwa baba ni Mkatoliki, mwiteni paroko ampe Mpako wa Wagonjwa sasa, akiwa na akili timamu, si siku ya mwisho akiwa hasikii. Mgonjwa anayetania saa kumi anaweza kabisa kutaka kusali saa kumi na mbili. Hivyo viwili havigombani ndani yake. Vinagombana ndani yenu.

Baada ya kusema hayo, si kila mzaha ni wa kuchekewa, na hapa nataka uwe macho. Mwaka 2003 Rod Martin, mwanasaikolojia wa Kanada, pamoja na wenzake walitenganisha mizaha katika aina nne: unaowaunganisha watu, unaomtia mtu nguvu mwenyewe akiwa katika shida, unaochoma wengine, na ule ambao mtu hujidhalilisha ili apendwe au asionekane. Aina mbili za kwanza ndizo ulizoniandikia. Huo wa nne ndio wa kuuogopa. Ukimsikia anasema, "Nitupeni dampo muokoe bili," au "Mngenichinja mapema mngepata hata kitoweo," usicheke, wala usikaripie. Kaa chini, mwulize waziwazi: "Baba, unaona umetulemea?" Akisema ndiyo, au akisema amechoka kuishi, mwulize kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Humwondolea upweke wa kuwa nalo peke yake, na hukupa wewe sababu ya kuwapigia wahudumu wake siku hiyo.

La pili la kuangalia ni mgonjwa aliyekuwa akitania kisha akanyamaza ghafla. Watu hudhani amekomaa kiroho. Mimi kwanza huuliza maumivu ni mangapi kwa kumi. Mwenye maumivu ya nane hana nafasi ya mzaha kichwani. Mofini ya maji, ambayo Hospice Africa Uganda iliitumia tangu mwaka 1993 na kuifanya ijulikane kama dawa rahisi ya nyumbani, ipo pia katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali zenye huduma ya tiba shufaa. Ikipimwa ipasavyo haiharakishi kifo na wala haimgeuzi mzee wenu kuwa teja. Inachofanya kwa uhakika ni kufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Nimewahi kuitwa kwa ajili ya mzee "aliyekata tamaa ya maisha" nikakuta hajapata choo kwa wiki nzima. Kilipofunguka, matusi yake yakarudi nyumba nzima ikashangilia. Ukiondoa maumivu na choo, angalia kuchanganyikiwa, homa, na sonona, ambayo hutibika hata kwa mtu aliye karibu na mwisho.

Mama yako mwacheni alie. Huzuni yake si ya kusahihishwa, na hana deni la kucheka mizaha ya mumewe baada ya ndoa ndefu namna hiyo. Ila mtu mzima mwenzake, pengine shangazi, amnong'oneze mzee apunguze habari za jeneza mama akiwepo. Atapunguza. Watani wazuri hupima wasikilizaji wao.

Sasa msiba, jambo unaloliogopa zaidi. Nitakueleza nilichoshuhudia Kisarawe, kwenye msiba wa mzee wa Kizaramo, ili ujue kinachofanyika. Mtani wake Mnyamwezi aliingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu na balaghashia yake, bakora mkononi, akitembea kwa kuburuta mguu wa kushoto vilevile kama marehemu. Akapita chini ya turubai, kiti hadi kiti: "Wewe, redio yangu umeiazima tangu Ramadhani, umedhani nikifa ni yako?" Mtu mmoja akainuka kweli akaenda kuileta. Akafika kwa mjane aliyeketi kwenye mkeka, akasimama na kumwambia kwa sauti ya mumewe, "Chai yenyewe ya leo haina sukari." Yule mama tangu alfajiri alikuwa hajalia wala hajasema, amekaa kama ameachwa. Akajiziba mdomo kwa khanga akacheka, mabega yakitikisika, na katikati ya kicheko hicho kilio kikatoka. Wanawake wakamshika. Kuanzia hapo aliweza kunywa maji. Makaburini mtani yuleyule akashuka shimoni akalala, akasema chumba ni kifupi, hatoki mpaka alipwe fidia. Akatupiwa sarafu na noti, wakapatana bei, akatoka, akajipangusa udongo, na yeye na wenzake ndio waliofukia.

Mgeni akiona tukio la shimoni peke yake ataona wendawazimu. Kwa hiyo ni wajibu wenu kupanga. Mtani asichokozwe na kijana mlevi asiyejua mipaka; mwe na mtu mmoja wa familia anayezungumza na kiongozi wa watani tangu siku ya kwanza, akimweleza misa ni saa ngapi na kwamba wakati wa ibada hakuna kugusa jeneza. Mwekahazina wa kamati ya msiba atenge noti ndogondogo, maana mtani akipewa noti ya elfu kumi mwanzoni, bei itapanda hadi makaburini. Paroko ajulishwe, mapadre wengi wa huku wameshazoea, lakini hawapendi kushtukizwa. Na ukumbuke kwamba haya yanafaa kwa mzee aliyeishi na kuzaa na kuona wajukuu. Kwa msiba wa mtoto, au wa ajali, mtani mwenye akili hufanya kazi za mikono na kuuweka mdomo kando.

Baba yako bado yupo, mwulizeni mwenyewe. "Baba, watani waruhusiwe kufika wapi?" Nadhani atalipenda swali hilo kuliko mengi aliyoulizwa tangu augue. Pengine ana jambo ambalo hataki liigizwe, na pengine ana jambo ambalo anaogopa watalisahau.

Wakwe zako ni kazi ya mume wako, si yako. Awaeleze wazazi wake kwa lugha ya kwao, mapema, wakiwa bado Nyeri: kwamba huku mzee aliyeheshimika hutaniwa, na kwamba mzee ambaye watani hawakuja ndiye wa kuulizwa aliishi na watu vipi. Na mtu mmoja aketi nao siku hiyo awatafsirie kinachosemwa, maana mzaha usioeleweka unafanana sana na tusi.